Anzia Ukutani: Nasaha za Kuunda Kompyuta ya Kwanza ya Michezo

Kijana wa Kang'ata, huku kwetu wilayani Handeni, anapojaaliwa fedha zake za kwanza za ziada, ziwe zimetoka katika mahindi, katika mbuzi au katika jasho la machimboni, na moyo wake ukaazimia kuunda kompyuta ya michezo kwa mkono wake mwenyewe, aghalabu kitu cha kwanza anachokitafuta ni kadi ya michoro, maana hiyo ndiyo yenye sifa midomoni mwa wenzake, na ndiyo anayoijua kwa jina na kwa namba hata kabla hajaiona. Simlaumu, kwa kuwa hata mimi nilianza hivyo. Lakini nasaha yangu kwake, na kwako wewe msomaji uliyeshika kalamu kuandika orodha yako, ni kwamba safari hii ianzie mahali pasipo na jina wala fahari, nako ni kwenye soketi ya ukutani, kisha iingie ndani hatua kwa hatua mpaka iifikie kadi hiyo unayoiota usiku.

Umeme wetu hauzaliwi mbali. Kituo cha Hale, chenye uwezo wa megawati 21, kimo wilayani Korogwe tangu mwaka 1964, na kile cha New Pangani Falls chenye megawati 68, kilichoanza kazi mwaka 1995, kinazungushwa na maji ya mto huohuo wa Pangani. Walakini ukaribu wa chanzo haukuleta uthabiti nyumbani, kwa sababu umeme huo huingia kwanza katika gridi ya taifa, kisha hutujia kwa nyaya ndefu zilizopita maporini, na nyumba iliyo mwishoni mwa waya huona mambo ambayo nyumba iliyo jirani na transfoma haiyajui. Kaida ni volti 230. Lakini jioni, wakati kila mtu amewasha taa na televisheni, na mashine ya kusaga bado inaunguruma, utaona mwanga wa taa yako unakuwa wa manjano, na hapo ujue volti zimeshuka. Na masika, radi zikianza, umeme hukatika na kurudi mara tatu ndani ya dakika moja, na kila ukirudi huja kwa kishindo.

Kishindo hicho ndicho kilichoniunguzia kompyuta yangu ya kwanza. Nilikuwa nimenunua, katika duka ambalo sina haja ya kulitaja, kesi iliyokuja na pawa saplai yake ndani, nami nikafurahi kwamba nimeokoa fedha ya kuongeza kwenye kadi. Jioni moja ya mwezi wa Aprili umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika, ukarudi. Nikasikia mlio mfupi kama wa kijiti kikavu kinachovunjwa, kisha ikaja harufu kali ya plastiki iliyoungua. Haikufa pawa saplai peke yake: ilikwenda pamoja na ubao mama, yaani ile madabodi, na kipande kimoja cha RAM. Nilipoifungua nikaona ndani yake pana nafasi kubwa tupu, nyaya nyembamba kama uzi wa kiatu, na chuma cha kupozea kisichozidi upana wa vidole viwili. Tangu siku ile sijanunua pawa saplai bila kwanza kuipima uzito mkononi.

Basi sikiliza kwa makini habari ya kifaa hiki, kwani ndicho mlango ambao umeme wote wa kompyuta hupitia. Soma karatasi iliyobandikwa ubavuni mwake. Ukikuta imeandikwa kwamba inapokea volti 100 hadi 240, umepata ile ifaayo nyumba za kwetu, maana volti zikishuka jioni hadi 180 au 170 yenyewe haitashtuka, itaendelea na kazi yake kama kwamba hakuna lililotokea. Ukikuta nyuma yake pana swichi ndogo nyekundu yenye 115 na 230, hiyo ni ya mtindo wa kale. Kama huna budi kuitumia, hakikisha kwa macho yako kuwa swichi imekaa kwenye 230 kabla hujachomeka, kwa sababu iliyosahauliwa kwenye 115 hupasuka papo hapo. Itafute pia alama ya 80 Plus, ambayo ni ushahidi kwamba sehemu kubwa ya umeme unaoulipia unakwenda kwenye kazi na sehemu ndogo tu inapotea kuwa joto, na joto la Kang'ata halihitaji kuongezewa.

Ukubwa wake hupatikana kwa hesabu nyepesi. Kadi ya Radeon RX 6600 hula wati 132. Prosesa ya wastani hula kati ya 65 na 90. Ubao mama, diski, feni na vinginevyo viwekee 50. Jumla haifiki 300, na mtengenezaji wa kadi hiyo anataka pawa saplai isiyopungua wati 450. Ya 500 au 550, iliyo njema, inatosha kabisa na inakuachia nafasi ya kesho. Ile ya bei rahisi iliyoandikwa 700 kwa herufi kubwa ni israfu juu ya hatari.

Kabla hujatoka ukutani, mwite fundi umeme aliyesajiliwa aipime athi, yaani waya wa ardhini, kwani nyumba nyingi zina soketi ya matundu matatu ambayo tundu lake la juu halikuunganishwa na kitu chochote. Dalili yake ni kwamba ukigusa chuma cha kesi unahisi sisimizi wa umeme vidoleni. Kisha, fedha ikiruhusu, nunua UPS, yaani kifaa chenye betri ya akiba, yenye uwezo wa kusawazisha volti. Na hapo uwe na hadhari, kwa sababu namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi lake si wati. UPS ya 650 VA aghalabu hubeba wati 360 au karibu na hapo, nayo itakupa dakika chache tu, ambazo si za kumalizia mechi bali za kuhifadhi kazi na kuzima kwa amani. Radi zikikaribia, chomoa kila kitu, na usitegemee kifaa chochote duniani kikukinge nazo.

Limebaki moja la umeme, nalo ni LUKU, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumika. Kompyuta ya wati 300 ikichezwa saa tatu kila siku hutumia takriban uniti 27 kwa mwezi. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, mteja mdogo wa kundi la D1 alilipa shilingi 100 kwa kila uniti mpaka uniti 75, kisha 350 kwa kila uniti iliyozidi hapo, kabla ya kodi na tozo. Kwa hiyo nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 55 kwa salama itavushwa mpaka na kompyuta yako, na mzee atakayetoa fedha ya LUKU ana haki ya kuambiwa mapema. Mwambie kabla ya kununua. Na kama nyumba yenu yategemea paneli ndogo ya jua ya taa na simu, basi usiunde kompyuta hii kwa sasa; tafuta laptopu, kwani hakuna betri ya nyumbani ya kiasi hicho itakayoihimili.

Sasa tuingie ndani. Swali la kwanza ni: utacheza nini, na kwenye skrini gani? Kijana anayetaka mpira wa EA Sports FC, ule ulioitwa FIFA mpaka toleo la 23, pamoja na GTA V na Counter-Strike, hana sababu ya kununua kadi ya mtu anayetaka michezo mizito ya mwaka huu kwenye skrini ya 4K. Skrini ya inchi 22 au 24 yenye nukta 1920 kwa 1080 ndiyo iliyoenea, hata za mtumba zilizotoka maofisini zinapatikana kwa bei nafuu, na kwa kiwango hicho kadi ya wastani inatosha. Skrini ikiwa ya hezi 60, yaani huonyesha picha 60 kwa sekunde, kadi inayotoa picha 140 inakunyima fedha bila kukupa kitu unachokiona. Chagua skrini kwanza, ndipo kadi iifuate.

Juu ya kadi zenyewe nitasema kwa tafsili, kwa kuwa hapa ndipo fedha nyingi huenda na hapa ndipo wajanja hujificha. Kwa anayeanza na asiye na haja ya makuu, GTX 1650 ya mwaka 2019, katika zile aina zisizo na tundu la waya wa ziada, hula wati 75 zote kutoka kwenye ubao mama wenyewe, na itakuchezea michezo niliyoitaja kwa heshima. Juu yake pana RX 6600 ya mwaka 2021 yenye kumbukumbu ya GB 8, ambayo kwangu ndiyo kadi ya busara kwa nyumba za kwetu, kwa sababu nguvu yake ni kubwa na ulaji wake mdogo. RTX 3060 yenye GB 12 ni kadi njema lakini hula wati 170. RTX 4060 ya mwaka 2023 hula 115 tu, nayo ni nzuri kwa mwenye fedha. Zaidi ya hapo, mimi sikushauri kwa kompyuta ya kwanza.

Kadi za mtumba zina mambo mawili ya kujua. La kwanza ni zile zilizochimba sarafu za mtandaoni: tarehe 15 Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za michoro, na kadi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikamiminika sokoni. Si zote mbovu. Zilizotunzwa zinaishi, lakini feni zake huwa zimechoka, basi zizungushe kwa kidole usikie kama zinakwaruza. La pili ni baya zaidi: kuna kadi za kale, kama GTS 450 ya mwaka 2010, zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kwa jina la GTX 1050 Ti, zikavishwa boksi jipya na kuuzwa kwa wasiojua. Mnunuzi wa dhahabu haitoi fedha yake mpaka ameiweka dhahabu kwenye mizani mbele ya mchimbaji. Nawe fanya vivyo hivyo. Mwombe muuzaji aichomeke kadi kwenye kompyuta yake, fungua programu iitwayo GPU-Z, ambayo ni ya bure na huzifichua kadi nyingi za namna hiyo, kisha kaa uitazame ikifanya kazi dakika kumi na tano. Muuzaji mwaminifu hataona taabu, na anayekataa amekwisha kukujibu.

Prosesa isiwe dhaifu ikaifanya kadi isubiri, wala isiwe ya fahari ikala fedha ya kadi. Ryzen 5 5600 yenye viini sita, au Core i5-12400F yenye sita pia, au hata Core i3-12100F yenye vinne, zinakwenda vizuri na kadi nilizozitaja. Herufi F ya Intel ina maana yake: prosesa hiyo haina michoro yake yenyewe, hivyo kadi ikifa huna hata picha ya kuandikia barua. Kwa sababu hiyo, kwa mtu ambaye fedha yake haitoshi kwa kadi leo, napenda zaidi Ryzen 5 5600G, yenye michoro ndani yake. Utacheza michezo myepesi kwa mwaka mmoja, na mavuno mengine yakija utaongeza kadi bila kutupa kitu.

Ubao mama lazima uoane na prosesa, na hapa wengi hupotea. Ryzen za 5000 hukaa kwenye soketi ya AM4 na hutumia RAM ya DDR4; Ryzen za kuanzia 7000, zilizokuja mwaka 2022, hukaa kwenye AM5 na hutaka DDR5, na kipande cha aina moja hakiingii katika nafasi ya nyingine kwa kuwa pengo lake limekatwa mahali tofauti. Ukinunua ubao wa B450 wa zamani pamoja na Ryzen ya 5000, mwambie muuzaji aifanyie BIOS yake masasisho mbele yako, maana ubao usioijua prosesa hautawaka, na kutoka Kang'ata kurudi Dar es Salaam kwa sababu hiyo ni nauli na siku mbili. RAM nunua vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha 16, kwa sababu viwili hufanya kazi sambamba, na kwa 5600G tofauti hiyo utaiona kwa macho. Diski iwe SSD, ya terabaiti moja ukiweza. Michezo ya leo ni mizito. GTA V peke yake hupita GB 70, na kuipakua kwa bando la simu ni kumwaga fedha, ilhali rafiki wa Korogwe au Handeni mwenye mchezo huohuo anaweza kukupa. Steam yenyewe tangu mwaka 2023 inaruhusu kompyuta mbili zilizo kwenye mtandao mmoja kurithishana michezo bila kuipakua upya, ila kila mmoja awe na haki ya mchezo katika akaunti yake.

Iko njia nyingine ambayo wajenzi wa mtandaoni huidharau, nami siidharau hata kidogo: kununua kompyuta ya mtumba ya ofisini, kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk, na kuitia kadi. Ichague yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi, kwani Windows 10 ilikoma kupewa matengenezo tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizitambui rasmi zilizo nyuma ya hapo. Chagua lile umbo refu la mnara, siyo lile dogo la kulala mezani, maana dogo hutaka kadi fupi za nusu kimo na pawa saplai yake haibadiliki kwa urahisi. Na usiitie RX 6400, japo hula wati 53 tu na bei yake yavutia: kadi hiyo iliundwa kwa njia nne tu za mawasiliano, na kwenye mbao za miaka ile hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. GTX 1650 ndiyo rafiki wa kompyuta hizi.

Kununua, utakwenda Kariakoo au katikati ya jiji la Dar es Salaam, au utamwagiza ndugu aliye Dubai apite maduka ya kompyuta ya Bur Dubai. Bei ya huko inaweza kuwa njema, lakini waranti haivuki bahari, basi kwa pawa saplai na ubao mama mimi hununua hapa nchini, na kadi ndiyo huagiza. Dai risiti. Kisha usikubali kuundiwa dukani. Najua fundi atakwambia ni bure na ni nusu saa tu. Lakini kompyuta iliyokwisha kuundwa, ikilazwa chini ya basi mpaka Handeni, kisha ikafungwa nyuma ya bodaboda mpaka nyumbani, itafika na kadi nzito iliyoning'inia na kupasua mdomo wa ubao mama. Vipande vikiwa katika maboksi yake, kila kimoja kimelala katika sponji yake, vitafika salama, na raha ya kuviunganisha itakuwa yako.

Iteue asubuhi tulivu, ufagie chumba na kumwagia sakafu maji kidogo ili vumbi lilale, kisha utandike meza kwa kitambaa cha pamba. Shika chuma cha kesi kwanza, ili umeme uliokusanyika mwilini utoke. Prosesa ya AM4 ina pembetatu ndogo ya dhahabu kwenye pembe moja. Inyanyue nondo ya soketi, ulinganishe pembetatu na alama ya ubao, kisha iachie. Itaingia kwa uzito wake yenyewe, na isipoingia usiisukume, itazame tena, kwa kuwa miguu yake ni myembamba kuliko sindano. Dawa ya kupitishia joto iweke katikati, kiasi cha punje ya choroko, uikandamize kwa chuma cha kupozea moja kwa moja. Waya wa matundu 24 ni wa ubao, ule wa manane ulio juu kushoto ni wa prosesa, na huo ndio husahauliwa. Waya wa skrini uchomeke kwenye kadi, siyo kwenye ubao.

Kesi yenyewe, nimeichelewesha kwa makusudi. Usiichukue yenye kioo mbele na taa za rangi. Ichukue yenye matundu mbele na chujio linalochomoka kwa mkono, kwani udongo wetu mwekundu, lori likipita kiangazi, huingia hata kwenye sanduku lililofungwa. Iweke juu ya meza, mbali na mlango, isikae sakafuni. Feni mbili ziingize hewa mbele na moja itoe nyuma, ili hewa ya ndani iwe nyingi na vumbi lisivutwe kwenye nyufa. Chujio lioshe kila wiki mbili wakati wa kiangazi.

Ukiiwasha mara ya kwanza, skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika nzima RAM zikipimana, vuta subira. Ingia kwenye BIOS uwashe XMP, ili RAM iende kwa kasi uliyoilipia. Kisha weka Windows, cheza mchezo mmoja mzito kwa nusu saa, na utazame joto la prosesa na la kadi. Liandike kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi, pamoja na tarehe na saa, ukibandike ndani ya ubavu wa kesi. Baada ya miezi mitatu, saa ileile, kwa mchezo uleule, pima tena. Ukikuta limepanda kwa nyuzi kumi, zima, chomoa, itoe nje uwanjani, uzishikilie panga za feni kwa kidole zisizunguke, na upulize vumbi.